Koti Mwisho wa Korido

Simu ya Justus ilianguka ngazini mwezi wa Machi, na tangu siku hiyo ikafa sikio. Ukitaka kumsikiliza mtu taratibu, huwezi. Sauti inatokea kwenye spika tu, na spika yenyewe haikujua kunong'ona. Tundu la kuchomekea visikilizi nalo lilikufa papo hapo. Tulimwambia aitengeneze. Akasema atanunua nyingine akienda likizo, na Justus akishasema jambo lake humwondoi. Kwa hiyo ndoa yake tuliisikia sote, kila mtu akiwa amelala kwenye kitanda chake, tupende tusipende.

Kampuni yetu kazi yake ni kukodisha watu. Mimi Ahmadi, mtu wa Tanga, nimekodishwa kwenye ghala moja la Jebel Ali, huku ughaibuni, naendesha foklifti, huu mwaka wa kumi na moja. Munir wa Unguja analinda geti la ghala jirani. Justus ni Mluhya wa Kimilili, magharibi mwa Kenya, na yeye kakodishwa kwenye klabu ya kulenga shabaha, mahali ambapo matajiri na watalii wanalipa ili watoboe karatasi kwa bastola, kisha wanakwenda zao kula. Jioni tunarudi kambini. Chumba kimoja, vitanda vinne, cha nne tumepanga masufuria.

Justus alianza kwa kufagia maganda ya risasi. Halafu wakampa kazi ya kugawa vile vizibo vikubwa vya masikio. Mwaka wa tatu fundi wa silaha, Msyria mmoja aitwaye Yasir, akaona jamaa ana mkono mtulivu na hapotezi skrubu, akamvuta kwenye meza yake. Hapo akajifunza kufungua bastola, kuisafisha, na kubadilisha vilengeo, yaani vile vichuma viwili vya juu, kimoja mbele karibu na mdomo na kimoja nyuma, ambavyo mlengaji hupitishia jicho. Kufyatua hakuruhusiwa, hata mara moja. Na kila akitoka anakaguliwa mpaka soksi. Kitu cha klabu hakitoki, hata pini. Nchi hii haichezi na mambo hayo, na Justus si mtu wa kuchezea kibali chake cha kazi.

Nyumbani aliacha mke, Carolyne, na binti yao Dorcus. Tangu aje hajarudi. Miaka minne na miezi kumi. Kila likizo yake ilipofika aliiuza kwa kampuni, ikageuka matofali, ikageuka mabati, ikageuka madirisha. Nyumba ikaisha, na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga ndani. Anaijua kwa picha. Ramani aliichora mwenyewe kwenye daftari, na kitu alichoking'ang'ania ni korido ndefu, kutoka mlango wa chumba chao mpaka mlango wa sebuleni, kwa sababu kwenye nyumba ya baba yake ukifungua mlango wowote ulimgonga mtu. Fundi alitaka kuifupisha. Justus alikataa kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita, na niliusikia wote.

Mwaka juzi, Dorcus akiwa shule ya bweni, wezi wawili waliingia kwa Carolyne kupitia mlango wa jikoni. Ana duka la mbegu na dawa za mifugo, wakadhani analala na mauzo. Walianza kwa kumpa mbwa wake sumu. Carolyne walimvunja kiwiko. Justus alipata habari siku ya pili, na hakuna alichoweza kufanya zaidi ya kukaa kitandani ameshika magoti yake. Mwanamke yule hakulia sana. Mkono ulipopona alianza kufuatilia kibali cha bastola. Karatasi, mahojiano, alama za vidole, mafunzo, mwaka ukaisha, wakampa, akainunua. Mimi nilicheka, nikamwambia Justus sasa ukirudi utaosha vyombo bila kuambiwa. Hakucheka. Mdomo wangu mara nyingine hauniulizi.

Sasa huku kwetu kuna ugonjwa unaitwa sapraizi. Mtu anamaliza miaka yake, hasemi kwamba anarudi, anatokea tu mlangoni na sanduku huku mwenzake kashika simu anarekodi. Mama anaanguka, watoto wanakimbia, na video inazunguka kambi zote. Munir alimfanyia mama yake hivyo kule Unguja, na tumeitazama video yake mpaka tunajua kuku anapita wakati gani. Ukimsikiliza Munir utadhani kurudi nyumbani kwa kutangaza ni kurudi nusu.

Tiketi ya Justus ilikuwa ya kumi na nane Desemba. Mpango tuliupanga watatu, na sehemu yake mbaya niliipanga mimi. Atafika Kimilili saa tatu usiku. Agneta, mdogo wake Carolyne, ambaye tulishamweka sawa, atampa ufunguo wa akiba. Justus atafungua polepole, atapita sebuleni bila kuwasha taa, atafungua mlango wa korido na kusimama pale, ndipo aite. Nikamwambia asibishe hodi. "Wewe ni mwenye nyumba," nikasema, "ubishe hodi kwa nani?" Aliipenda sana sentensi hiyo. Nilimsikia akiirudia peke yake anapiga pasi shati la kazi.

Ilikuwa Oktoba, tunakula, Carolyne alipotuma ujumbe wa sauti. Simu za kawaida za mtandaoni huku zinazuiwazuiwa, kwa hiyo wao walizoea kutumiana sauti. Spika ikatutangazia.

"Baba Dorcus, habari ya huko. Nimezima stima, taa zote, nikajaribu kuishika hiyo kitu vile mwalimu alisema. Haina risasi, usiogope. Vile vidoto vyeupe naona mchana, lakini kukiwa giza ni kama hazipo. Mwenye duka kule Nairobi anasema kuna vilengeo vya kung'aa usiku, ati nibadilishe. Ameniwekea aina tatu kwa meza, akanitumia picha. Mimi nitajua aje? Si wewe ndio unafanya na hizo vitu. Nichagulie."

Justus aliweka tonge chini. Akausikiliza tena ule mwisho, nichagulie, na tena. Nikamtazama nikaona uso wake umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Vigae vya sakafu alivichagua fundi. Rangi ya ukuta alichagua Agneta. Shule ya Dorcus, mlinzi wa duka, hata mbwa mpya, vyote viliamuliwa kabla hajaamka, yeye akaletewa picha. Miaka minne na miezi kumi alikuwa anatuma pesa, na hapo kwa mara ya kwanza mtu wa nyumbani kwake alimwomba kitu ambacho hakitumwi. Alifurahi hadi akanipa kipande chake cha samaki.

Kuanzia siku hiyo hatukuwa na amani. Alinunua daftari. Kila jioni alikuja na mchoro mpya kutoka kwenye meza ya Yasir na kutuketisha darasani, Munir na mimi, watu ambao hatukuwahi kugusa hata manati.

Aina ya kwanza, alitufundisha, ina kijiti cha plastiki kinachovuta mwanga. Mchana kinawaka kama kaa la moto, lakini kukiingia giza kinazima, kwa sababu hakina mwanga wake. Hiyo aliikata kwa mstari mwekundu. Ya pili imepakwa rangi inayong'aa, ila lazima uimulike tochi kwanza ndipo ing'ae kidogo. "Sasa mwizi atangoja Mama Dorcus achaji?" akauliza, kwa ukali, utadhani mimi ndiye niliyeitengeneza. Ya tatu ina vichupa vidogo kuliko punje ya mchele, ndani yake gesi inayong'aa yenyewe usiku na mchana, bila betri, miaka na miaka. Gesi hiyo huchoka polepole. Baada ya miaka kumi na miwili hivi mwanga unabaki nusu. Kwa hiyo akamwambia Carolyne atazame mwaka ulioandikwa ubavuni, asiuziwe kitu kilichozeeka kwenye kabati. Carolyne akaomba picha za karibu, akatazama, na kweli, jozi moja ilikuwa ya zamani. Mwenye duka alishangaa mwanamke wa Kimilili kalijulia wapi hilo. Justus alitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Lakini hata hiyo ya tatu ilikuwa na matata yake. Nyingine zina vidoto vitatu vinavyofanana, viwili nyuma na kimoja mbele, vyote kijani. Hapo Justus alisitasita, na Ijumaa moja akapanda metro mpaka Deira, akaingia maduka ya Al Ras, akarudi na vibandiko vya nyota, vile ambavyo watoto hubandika darini ving'ae wakilala. Akavikata vidoto, akavibandika kwenye kipande cha boksi, viwili nyuma kimoja mbele. Akafunga pazia, akazima taa, akanipa boksi, na wakati nalenga mlango akanipigia kelele sikioni. Nilipanga vidoto vyangu vitatu kwa mstari mzuri kabisa. Taa ilipowaka, kile cha mbele kilikuwa pembeni kushoto badala ya kuwa katikati ya vile viwili.

"Umeona?" akasema. "Umepiga kabati. Mtu akiwa na uoga hajui kidoto gani ni cha mbele. Mbele lazima iwe tofauti."

Munir naye akapiga kabati. Basi ikaamuliwa: mbele kichupa cha kijani chenye pete kubwa ya rangi ya chungwa kukizunguka, ili mchana jicho lishike pete na usiku lishike mwanga, nyuma cheusi kitupu, kisicho na kidoto wala kitu cha kumchanganya. Vyote viwili vya jozi moja, kwa sababu cha mbele kikizidi urefu risasi inakwenda chini. Na afungiwe na fundi mwenye kibali kulekule Nairobi, wala asiguse mwenyewe kwa nyundo. Alituma ujumbe wa dakika tisa. Nilihesabu.

Kitu kimoja Yasir alikisema siku hizo, na Justus alitusimulia kwa kujivuna, akidhani ni sehemu ya somo tu. Alikuwa amemweleza Yasir kwamba anamchagulia mkewe. Yasir akafuta mikono, akasema, "Shuf, habibi, tazama ndugu yangu. Hii inakuonyesha bunduki yako iko wapi. Haikuonyeshi nani amesimama mbele. Mwambie anunue tochi kwanza." Justus akamtumia mkewe habari ya tochi.

Jibu la Carolyne lilikuja kesho yake. "Tochi ninayo. Lakini nikishika tochi kwa huu mkono uliovunjika, yote mbili zinatetemeka. Na nikiwasha, huyo mtu ataniona kabla nimuone. Hapana. Mimi giza yangu naijua."

Nakumbuka nilikuwa nakata kitunguu. Watu watatu wazima, mmoja wetu kutwa anashinda na bastola, na tarehe kumi na nane Desemba tumeizungushia duara kwenye kalenda iliyo juu ya masufuria, na hakuna aliyeunganisha mambo mawili hayo. Nikikumbuka najiona mjinga, na hasira inanipanda mpaka leo.

Mwishoni mwa Novemba Carolyne alikwenda Nairobi, akafungiwa vilengeo, akarudi. Siku ya pili, saa mbili usiku kwetu, kwao saa moja, tumeketi chini tunakula ugali na dagaa, ujumbe ukaingia. Kwanza picha. Justus akaikuza, akatuonyesha. Ilikuwa korido yake, imepigwa kutoka mlango wa chumbani, taa ya mbali ikiwa bado inawaka. Vigae, ukuta mweupe, na mwisho kabisa, kwenye mlango wa sebuleni, limening'inia koti refu jeusi la mvua.

"Koti langu," Justus akasema. "Nilikuwa naliendeshea pikipiki. Wanalo bado. Oneni, amelitundika mlangoni." Akatuonyesha mara mbili, kisha akamwonyesha Munir tena, ambaye alikuwa ameshaliona. Katika nyumba nzima aliyoijenga, hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa chake, kilichowahi kugusa mwili wake. Kidogo alie mbele yetu.

Ndipo akabonyeza ile sauti.

"Baba Dorcus, Mungu akubariki. Hii kitu umenichagulia ni nzuri sana. Nimezima stima zote nikasimama kwa mlango wa bedroom. Kile kidoto cha mbele naona vizuri, hakichanganyi. Unajua mwalimu alituambia kila jioni tujaribu bila risasi, tulenge kitu iko na saizi ya mtu. Mimi hulenga hilo koti lako, tangu Januari. Liko na urefu wa mwanaume. Mbeleni nilikuwa nalikosa, mkono unatetemeka. Leo nimelenga mara ishirini, nikiwasha stima kuangalia, kidoto kiko kwa kifungo cha pili, hakitoki. Koti lenyewe silioni na hiyo giza, lakini najua mahali liko. Sasa mtu akifungua huo mlango bila kuongea, siwezi ngoja. Nimeanza kulala. Nilikuwa sijalala tangu ile siku. Asante, baba."

Munir aliacha kutafuna. Mimi nilitazama sahani. Spika ile ilipiga mlio wake mdogo wa kumaliza ujumbe, na jokofu la jirani likasikika likinguruma. Justus hakuurudia ujumbe huo. Aliiweka simu kifudifudi kwenye godoro, akanawa mikono, akatoka.

Nilimkuta nyuma ya bweni, kwenye kamba za kuanikia nguo, kati ya masuruali ya watu. Kambi wakati huo imejaa: wanaopiga simu, wanaoosha viatu, mtu anakaanga kitu. Hakuna mahali pa mtu kuwa peke yake huku, na bado sijaona mtu aliye peke yake kama Justus jioni ile.

"Ahmadi," akasema bila kugeuka, "mimi niko na urefu gani?"

"Wa kawaida."

"Kifungo cha pili kinanifika hapa." Akaweka kidole kifuani, akakiacha pale.

Nikamwambia yamekwisha, tushukuru Mungu, mpigie umwambie unakuja, khalas. Nilisema haraka haraka, kwa sababu sentensi yangu ya 'ubishe hodi kwa nani' ilikuwa imenirudia. Yeye akatikisa kichwa.

"Si kuogopa kufa. Nimefikiria kitu ingine. Ningesimama pale, hata ningeita jina lake, angejua ni mimi? Sauti yangu anaijua ya simu. Hajaniona nikitembea miaka karibu tano. Nilikuwa na nywele. Nilikuwa mnene. Mtu anaingia kwa giza, urefu wa mwanaume, anasema Carolyne. Hata wale wezi walijua jina lake."

"Angekujua," nikasema. Nilisema uongo, na alijua ni uongo, akanishukuru kwa kichwa.

"Nilikuwa nafikiria ile siku tu," akasema. "Kwa kazi nikisafisha bastola, naifikiria. Nafungua na ufunguo wangu. Naingia kwangu. Sasa niseme nakuja, aninunulie soda, ateremshe vikombe vya wageni. Mimi ni mgeni, Ahmadi?"

Mimi mwenyewe nina nyumba Tanga ambayo nikilala naamka usiku nikigonga ukuta kutafuta choo, na mke aliyekuwa ananingoja ndani yake alichoka kungoja mwaka wangu wa sita. Sikumwambia hilo, analijua. Tulisimama mpaka mwenye suruali mojawapo akaja kuianua.

Siku tatu hakumjibu Carolyne. Siku tatu hizo ujumbe uliingia kila jioni, mfupi mfupi. Baba Dorcus, uko sawa. Baba Dorcus, umekasirika, nimekosea kitu. Na wa mwisho, kwa sauti ya chini ambayo hata spika ile ililazimika kuiheshimu: "Nikiongea na wewe hapa jioni huwa sisikii uoga. Usininyamazie." Munir aligeukia ukutani. Justus alikaa na simu mkononi, kidole juu ya kitufe, akakiondoa, akakirudisha. Ningeweza kumnyang'anya simu nikasema mwenyewe. Nilifikiria kufanya hivyo. Lakini lile lilikuwa neno lake yeye, na hakuwa na maneno mengi yaliyobaki yaliyokuwa yake.

Alituambia baadaye kwamba ni Yasir aliyemsukuma, bila kujua. Ijumaa asubuhi klabu ilileta bastola ya mteja ibadilishwe vilengeo, aina ileile aliyomchagulia mkewe. Justus aliifunga, akaihakiki, akaishika bila risasi kwenye sehemu salama ya kujaribia, taa zikazimwa. Akaona kidoto cha kijani peke yake hewani. Nyuma ya kidoto hicho hakuona chochote, na Yasir alikuwa amesimama pale, hatua nne mbele, pembeni ya mstari, anafuta miwani yake. Alijua Yasir yuko pale kwa sababu Yasir alikohoa.

Alipotoka zamu mchana alirudi moja kwa moja, akaketi kitandani na viatu, akampigia kwa ile programu ya simu tunayoruhusiwa. Tukanyanyuka tutoke. Akatuashiria tubaki. Nadhani alitaka mashahidi.

Carolyne alikuwa dukani. Tulisikia mtu anaulizia dawa ya kupe, na yeye akimwambia angoje.

"Mama Dorcus," Justus akasema. "Nakuja. Tarehe kumi na nane, mwezi huu."

Carolyne akauliza: "Unakuja hapa?"

"Nilikuwa nataka kukusapraizi. Agneta angenipatia ufunguo. Ningefika saa tatu usiku, nifungue pole pole, nisimame kwa mlango wa korido. Kwa giza. Halafu nikuite."

Nikadhani mtandao umekwenda. Mtu wa kupe akauliza kitu, hakujibiwa. Halafu tukasikia kiti kikivutwa, na pumzi za Carolyne, zinakuja kwa vipande. Mwanamke ambaye hakulia sana walipomvunja mkono alikuwa analia dukani mbele ya mteja.

"Kwa mlango wa korido," akasema.

"Ndiyo."

"Pahali koti liko."

"Hapo hapo."

"Baba Dorcus, mimi ningekuua." Alilisema taratibu, kama mtu anayesoma karatasi aliyoletewa. "Singengoja. Nimejifunza kutongoja. Ningekuua alafu niwashe stima."

Justus alifumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta. "Na mimi ndio nimekuchagulia," akasema.

Wakakaa hivyo, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake, na sisi tunasikiliza zote mbili. Munir alikwenda kwenye kalenda juu ya masufuria akaitazama, akarudi akaketi. Hatimaye Justus akauliza kile alichotaka kuuliza tangu jioni ile ya kamba za nguo. Aliuliza kwa unyonge, sauti ambayo sikuipenda kwa mtu mzima.

"Utalitoa hapo, hilo koti?"

Carolyne hakumdanganya. "Siwezi, bado kuna siku kumi na tatu," akasema. "Sijui kulenga kitu ingine. Wacha likae. Ukifika utalitoa mwenyewe."

"Sawa."

"Na usikuje usiku. Lala Eldoret, ukuje asubuhi. Nitafunga duka, nitasimama kwa barabara. Kuja mchana, nikuone."

Justus akasema sawa, mara mbili. Ya pili simu ilikuwa imeshakatika.